Isotopi za nitrojeni katika mimea

Isotopi za nitrojeni katika mimea ni alama za kikemia zinazosaidia kujua nitrojeni inayochafua misitu, mito na maziwa imetoka wapi. Kupima wingi wa nitrojeni katika maji au udongo huonyesha ukubwa wa tatizo tu. Isotopi husaidia kutofautisha maji ya vyooni, mbolea za viwandani na nitrojeni ya hewani. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, hasa Mwanza, vyanzo hivyo hukutana.

Msingi wake

Nitrojeni ina isotopi mbili thabiti. Atomu ya nitrojeni-14 ina protoni 7 na neutroni 7. Ile ya nitrojeni-15 ina neutroni 8, hivyo ni nzito kidogo. Hewani nitrojeni-15 ni takriban asilimia 0.37 ya nitrojeni yote. Uwiano huo wa hewa huhesabiwa kuwa sifuri, na sampuli nyingine hulinganishwa nao. Jani lenye kipimo cha +10 lina uwiano unaozidi ule wa hewa kwa sehemu 10 katika 1,000.

Mbolea za viwandani hutengenezwa kwa nitrojeni ya hewa, kwa hiyo kipimo chake huwa karibu na sifuri. Kinyesi na mkojo ni tofauti: amonia inapopaa kama gesi, atomu nyepesi hutangulia na nzito hubaki. Ndiyo sababu nitrati inayotokana na vyoo na samadi mara nyingi huwa kati ya +10 na +20.

Mimea inayopimwa

Majani huoshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha huchomwa ndani ya chombo maalumu, na gesi yake hupimwa kwa spektrometa ya masi. Kila mmea hueleza jambo lake:
- Kuvumwani haina mizizi ya kweli, hivyo huonyesha zaidi nitrojeni iliyoletwa na mvua na vumbi.
- Miti huonyesha hali ya udongo wa msitu. Udongo ukizidiwa na nitrojeni, ile nyepesi hupotea kwanza na kipimo cha majani hupanda.
- Mafunjo na magugu maji huonyesha hali ya maji ya ufukweni.
- Mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewa kupitia bakteria wa mizizini, kwa hiyo haifai kulinganishwa na mingine.

Mwanza na Ziwa Viktoria

Mto Mirongo hupita katikati ya jiji la Mwanza na kubeba maji machafu ya makazi hadi ziwani. Nyumba nyingi za vilimani hutumia vyoo vya shimo. Wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa huongeza nitrojeni hewani, nayo hurudi chini pamoja na mvua.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ziwani ni sianobakteria, viumbe vidogo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani. Baadhi yao hutumia nitrojeni ya hewa moja kwa moja, na hustawi fosforasi inapokuwa nyingi. Alama yao huwa karibu na sifuri. Tofauti hii ina maana kwa maamuzi: kipimo kikubwa ufukweni huelekeza kwenye vyoo na mifereji, lakini kipimo kidogo mbali na pwani huonyesha kwamba kuzuia nitrojeni pekee hakutoshi, bali fosforasi pia ipunguzwe.

Mipaka ya mbinu

Kipimo kikubwa si ushahidi kamili wa uchafu wa vyooni. Katika matope ya mafunjo yasiyo na oksijeni, bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi, na nitrojeni inayobaki huwa nzito hata pasipo vyoo. Kwa hiyo inafaa kulinganisha mmea wa aina moja, katika msimu mmoja, kutoka sehemu chafu na sehemu safi. Mafunjo ya karibu na jiji, kwa mfano, yanaweza kulinganishwa na yale ya kisiwa cha Rubondo, ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977 na hakina vijiji.