Unanunua hereni au unanunua mwenye duka?

Kina dada wa mjini, na nyie washikaji mnaowanunulia, hebu tuulizane leo. Zile hereni za jina kubwa unazozitamani, unamjua aliyezibuni? Wengi mtasema ndiyo. Mnajua alizaa lini, alianza na shilingi ngapi, alilia siku gani. Lakini ukiulizwa hereni yenyewe ni dhahabu au ni shaba iliyopakwa rangi, kimyaaa!

Sishangai. Kwenye biashara ya vito, mbunifu akiwa ndiye mwenye kampuni, anauza vitu viwili kwa mpigo: mkufu na yeye mwenyewe.

Mwangalie Kendra Scott wa Marekani. Mwaka 2002, mjini Austin, Texas, mwanamama huyu alikuwa na mtoto mchanga na mtaji wa dola 500. Alitengeneza vito vyake katika chumba kimoja cha nyumbani kwake, akavipanga kwenye kisanduku cha chai, akambeba mwanawe, akaanza kuzunguka duka hadi duka. Oda akapata, lakini fedha za kununulia vifaa hakuwa nazo. Alipofika duka la mwisho akauza hata zile sampuli alizokuwa anaonyeshea watu. Huo ndio ukawa mtaji wa kutimiza oda.

Mwaka 2010 akafungua duka lake mwenyewe, ambako mteja anachagua jiwe na rangi anayotaka, anatengenezewa hapo hapo. Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ikathaminiwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja!

Sasa shika ujanja ulipo. Kampuni ilikua, lakini kile chumba na yule mtoto hawakusahauliwa. Kila mahali ni hadithi hiyo hiyo. Mama wa kawaida akiisikia anajiona yeye, na akivaa hereni zile anahisi amemuunga mkono mwenzake, hajamtajirisha tajiri. Mwaka 2021 Kendra aliachia kiti cha mkurugenzi mtendaji, ila jina lake likabaki pale pale mlangoni. Utaling'oaje wakati ndilo linalouza?

Msije mkadhani ni raha tupu. Jina likiwa mlangoni, mdomo nao ni sehemu ya mali. Muulizeni Gerald Ratner wa Uingereza. Huyu si mbunifu wala mwanzilishi, maduka ya vito yalikuwa ya familia na yalibeba jina la ukoo wao. Aprili 1991, akihutubia wafanyabiashara wenzake, akaleta utani. Akasema bidhaa fulani dukani kwake ni rahisi kwa sababu ni takataka tupu, na kwamba hereni nyingine bei yake ni chini ya mkate wenye kamba, tena huenda mkate ukadumu zaidi! Watu walicheka. Magazeti hayakucheka. Thamani ya kampuni ikaporomoka kwa karibu pauni milioni 500, mwaka 1992 bwana mkubwa akaondoka, na mwaka 1993 kampuni ikabadili jina. Hereni zilikuwa zile zile za jana yake, ila nani tena angempelekea mchumba wake kitu ambacho mwenyewe amekiita takataka?

Na sisi huku Bongo tumo. Siku hizi binti akitunga shanga tu, kwanza anaweka picha yake Instagram, halafu historia yake, shanga zinafuata nyuma. Mimi sipingi, kujitangaza si dhambi. Lakini rafiki yangu mmoja alinunua cheni kwa sababu maelezo ya muuzaji yalimtoa machozi. Wiki ya pili shingo ilikuwa kijani kama mchicha. Mwingine masikio yalimvimba, kumbe hereni zina nikeli, na mwili wake hauipatani.

Kwa hiyo dada mtunga shanga, simulia maisha yako, lakini yawe ya kweli, na useme pia chuma ulichotumia. Hadithi humleta mteja mara ya kwanza. Mara ya pili analetwa na hereni yenyewe.

Na wewe mnunuzi, ukishafuta machozi, uliza: hii imetengenezwa na nini? Akianza kukusimulia tena maisha yake, funga pochi, teremka zako.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.