Mapatano ya Bei kwa Watu wa Mtumba

Mtumba, iliyo kiasi cha kilomita 17 mashariki ya Dodoma mjini kando ya njia kuu iendayo Dar es Salaam, ilikuwa kwa miaka mingi nchi ya mtama, uwele na mifugo, ambamo mali ya mtu ilihesabiwa zizini kabla ya kuhesabiwa mfukoni. Na hata baada ya Mji wa Serikali kuzinduliwa hapo mwezi Aprili 2019, wizara zikajengwa na lami ikapita palipokuwa na mashamba, tabia ya wenyeji, Wagogo, katika kununua na kuuza haikung'oka pamoja na mibuyu iliyong'olewa. Leo kijana wa Kigogo aliyepata ajira, au mzee aliyeuza kiwanja, hutamani gari kama vile baba yake alivyotamani ng'ombe. Nami naamini kwamba katika adabu za zamani za kupatana bei na kukopeshana mifugo mna hekima ambayo mnunuzi wa siku hizi huiacha nje ya mlango wa ofisi ya mikopo, akatoka humo na hasara.

Ayatakaye mapatano ya asili na aende kwenye mnada wa mifugo wa Msalato, Dodoma, siku ya Jumamosi. Hapo mnunuzi hatangulizi kuuliza bei. Humzunguka dume, humpapasa nundu, humfungua kinywa akatazama meno apate kujua umri wake, humsukuma kidogo aone anavyosimama. Kisha huenda zake kwa ng'ombe mwingine kana kwamba hakuona kitu. Akirudi mara ya pili ndipo bei hutajwa, na bei hiyo ya kwanza hakuna aichukuliaye kuwa ndiyo. Kuipokea papo hapo ni kumvunjia muuzaji heshima, maana humwacha akidhani ametaja kidogo. Wanaposikizana hupeana mikono mbele ya watu, na watu hao ndio hati.

Ama kukopeshana, Wagogo walikuwa na desturi njema sana ya kuwagawa ng'ombe kwa jamaa na marafiki wa vijiji vya mbali, ili ukame au maradhi yakishuka mahali pamoja yasimalize kundi zima. Aliyepewa ng'ombe alikunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake. Ndama walikuwa wa mwenyewe, ijapokuwa mlezi mwema aliweza kutunukiwa mmoja. Ng'ombe akifa, habari ilipelekwa mapema, na msiba ukawa wa wote wawili. Hali kadhalika mahari: mifugo ilichangwa na upande wa baba na upande wa mama, na ilipofika kwa wakwe nako ikagawanywa pande zote mbili. Kwa hiyo aliyeoa aliingia nyumbani kwake akiwa na deni la fadhila kwa watu wengi, lakini hakulibeba peke yake.

Huu ndio mzani nipendao kuupimia mkataba wa bodaboda, ambao kwa vijana wengi wa Mtumba na Ihumwa iliyo jirani ni mkopo wa kwanza maishani. Mwenye fedha, aitwaye tajiri, hununua pikipiki akamkabidhi kijana, naye kijana huleta hesabu kila siku hata muda ukatimia, pikipiki ikawa yake. Tuseme imenunuliwa shilingi 2,800,000, na hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, kwa wiki 60: kijana atakuwa ametoa shilingi 3,600,000. Ziada ya 800,000 si dhuluma, kwa kuwa tajiri amehatarisha mali yake. Dhuluma huja pikipiki inapoibwa au dereva anapovunjika mguu katika wiki ya 50, na ikaonekana kwamba yote aliyolipa yamekwenda na maji, pengine kwa sababu hapakuandikwa neno. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ng'ombe wa kukopeshwa hasara ilikuwa na mabega mawili; katika mkataba huu aghalabu ina bega moja, nalo ni la aliye dhaifu.

Kuhusu gari, nitaeleza niliyoyaona. Niliandamana na kijana mmoja mtumishi wa umma kwenda yadi, akitafuta Toyota IST iliyotoka Japani, ambayo kwetu huitwa mpya maadamu haijatembea katika barabara za Tanzania. Alikuwa amemwomba baba yake mdogo, mfugaji, afuatane nasi. Baada ya kusalimiana, muuzaji akataja milioni 17 na nusu. Mzee hakujibu. Akalizunguka gari polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akainama kutazama matairi, akataka liwashwe, akasikiliza. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni bei ya kutajia. Ya kuuzia ni ipi?"

"Mzee wangu, ushuru umepanda, hapo hatupati kitu."

"Hatukuja kukutia hasara. Tumekuja ununue chakula cha watoto, na sisi tupate gari."

Tukakaa hadi alasiri, na gari likateremka hata milioni 16 na laki tatu, pamoja na bima ya mwaka na matairi mawili mapya. Sikusikia sauti ikipandishwa hata mara moja.

Yaliyonipa mawazo zaidi ni ya kesho yake, tulipokwenda kuuliza mkopo wa milioni 10 zilizopungua. Kijana alitajiwa makato ya kila mwezi tu, akafurahi kwamba mshahara unayamudu, akashika kalamu. Mzee akauliza swali moja: "Mpaka siku ya mwisho atakuwa ametoa ngapi kwa jumla?" Swali hilo ni la thamani kubwa, kwa sababu riba ya asilimia 17 kwa mwaka ikihesabiwa juu ya mkopo wote kwa miaka 3 ni shilingi 5,100,000, na ikihesabiwa juu ya salio linalopungua kila mwezi ni takriban 2,835,000; asilimia ni ile ile, na tofauti yapita bei ya ng'ombe kadhaa. Ndiyo sababu nayaheshimu mapatano ya murabaha, yatolewayo na benki za Kiislamu kama Amana, iliyoanza mwaka 2011: benki hununua kitu, ikamwuzia mteja kwa faida iliyotajwa waziwazi tangu mwanzo, na jumla haijifichi nyuma ya makato.

Afisa wa mikopo, ambaye alikuwa mtu mwungwana, akachapa jedwali la salio linalopungua. Mzee hakujua kusoma, akaomba lisomwe lote, tangu mwezi wa kwanza hata wa 36, mbele yangu nami niwe shahidi. Kijana akasoma mstari baada ya mstari, na kila mwaka ulipotimia baba yake mdogo akakunja kidole kimoja.