Je, Wajua? Pedali ya Breki Inayobonyea

Je, wajua ya kuwa mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, hata yale ya DOT 3, ambayo yakiwa mapya hustahimili nyuzi 205 za Selsiasi, yakiingiwa na maji sehemu 4 hivi kwa 100 huweza kuchemka kwa nyuzi 140, na mvuke wake ukaifanya pedali ibonyee kama sifongo? Upepo ndani ya mabomba hutenda vivyo hivyo. Dawa yake ni kuutoa, gurudumu baada ya gurudumu, hadi mapovu yakome. Lakini pedali ikikanyagwa kwa utulivu ikazidi kuzama taratibu, wala hapana tone lililovuja nje, aghalabu ila i katika masta silinda, na gari hilo lisiendeshwe kabla halijatengenezwa.