Rangi Inayofuata Nafasi, si Jina

Kata sita za mkoa wa Kagera, Tanzania, zimepangwa kwa alfabeti kwenye jedwali la tovuti: Bugene, Bweranyange, Kaisho, Kayanga, Murongo, Nyaishozi. Ili jicho la msomaji lisihamie mstari wa jirani, mtengenezaji anautia kijivu mmoja na kuuacha unaofuata mweupe. Anafanya hivyo kwa mkono: Bweranyange kijivu, Kayanga kijivu, Nyaishozi kijivu. Jedwali linasomeka vizuri.

Sasa lipitishe jedwali hilo mwaka 2012, wilaya ya Karagwe ilipomegwa na Kyerwa ikawa wilaya. Kaisho na Murongo zinahamia upande wa Kyerwa. Kwenye jedwali la Karagwe inabaki Bugene nyeupe, kisha mistari mitatu ya kijivu imegandana. Rangi ilifungwa kwenye kata, na kumbe ilihusu nafasi tu.

Mkulima ndani ya kibanja chake hapati shida hiyo. Mibuni yake haina majina, kwa hiyo humwambia kibarua aanzie mbuni wa tatu kutoka njiani. CSS, lugha ya kupamba kurasa iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, nayo inajua kuelekeza hivyo. Sehemu ya kanuni inayotaja nani apambwe huitwa kiteuzi. Toleo la pili, la 1998, lilileta :first-child, yaani mtoto wa kwanza wa mzazi wake. Hesabu kamili ilikuja na :nth-child, katika viteuzi vilivyoidhinishwa rasmi mwaka 2011.

Ukiandika tr:nth-child(even), ambapo tr ni mstari wa jedwali, kila mstari wenye nafasi shufwa unapata kijivu. Kata mbili zikiondoka, kivinjari kinahesabu upya chenyewe: Bweranyange na Nyaishozi zinabaki na rangi, Kayanga inakuwa nyeupe. Ndani ya mabano hukaa hata fomyula. Katika 3n+1, n huanzia sifuri, hivyo huchaguliwa wa kwanza, wa nne, wa saba. Katika -n+3 huchaguliwa watatu wa mwanzo tu. Hesabu ya nafasi huanzia moja, jambo linalowachanganya wanaotoka kwenye JavaScript, ambako orodha huanzia sifuri.

Mtego mkubwa uko kwenye mistari iliyofichwa. Tuseme msomaji wa jedwali la kata zote sita anachuja abaki na Kyerwa peke yake. Kaisho iko ya tatu, Murongo ya tano; zilizofichwa bado zinahesabiwa, kwa hiyo zote mbili zinaonekana nyeupe. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuandika programu ya pembeni. Tangu 2023 vivinjari vyote vikubwa vinaelewa tr:nth-child(even of :not([hidden])), yaani hesabu wale tu wasiofichwa. Murongo inakuwa ya pili na kupata kijivu chake. Ni nyongeza ndogo iliyochelewa mno kufika, na inastahili kutumiwa zaidi.

Lakini Kayanga ni makao makuu ya Karagwe, na huenda mtengenezaji akataka iandikwe kwa herufi nene. Hapo :nth-child(4) ingempoteza: Kaisho na Murongo zikiondoka, unene unaangukia Nyaishozi. Kuwa makao makuu hakutokani na nafasi kwenye alfabeti. Mstari huo upewe klasi yake, yaani jina la kuuteua, tuseme .makao-makuu, ubaki nayo hata jedwali likipangwa upya.