Ghala la kikundi: panga kuanzia mwisho, mvua isikukute ukutani

UNAPOPITA vijijini si ajabu kukuta jengo la kuta tupu, halina paa na majani yameota ndani. Ukiuliza, utaambiwa ni ghala la kikundi na kwamba fedha ziliisha. Ukidadisi zaidi, mara nyingi utagundua kuwa fedha hazikuwa tatizo la kwanza. Kazi ilianza bila mpango.

Hasara yake humrudia mwanachama. Mkulima asiye na mahali pa kuhifadhi mahindi hulazimika kuuza wakati wa mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Miezi michache baadaye hurudi sokoni kununua mahindi yale yale kwa bei ya juu ili familia ile.

Wiki hii tuangalie jinsi kikundi kinavyoweza kusimamia mradi wa aina hiyo hadi ukamilike. Kanuni hizi zinamfaa pia mwenye duka anayepanua jengo au anayefunga mashine ya kusaga.

Lengo lipimike

“Kujenga ghala” bado si lengo. Lengo hujibu maswali matatu: kiasi gani, lini na kwa fedha ngapi.

Tuseme kikundi kina wanachama 30 na kila mmoja ataweka magunia 10 ya kilo 100. Hayo ni magunia 300, yaani tani 30. Yakipangwa juu ya chaga kwa kimo cha karibu mita mbili na nusu, yatahitaji eneo la mita 4 kwa 5. Ongeza njia ya mita moja kila upande kwa ajili ya hewa na ukaguzi, utapata chumba cha mita 6 kwa 7. Sasa fundi anajua anachojenga, na hakuna atakayedai ukumbi wa mikutano kazi ikiwa katikati.

Hesabu kurudi nyuma

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza kwa kawaida Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Basi ghala la kupokea mavuno ya mwakani lazima lipauliwe kabla ya Novemba mwaka huu.

Andika kila kazi na muda wake. Kwa mfano, msingi wiki mbili, kuta wiki tatu, lenta wiki moja, paa wiki mbili, sakafu na plasta wiki mbili. Kazi hizi zinangojana. Huwezi kupaua kabla ya kuta. Ukianza Agosti mosi, paa litakaa mwishoni mwa Septemba na sakafu itakwisha katikati ya Oktoba. Zege huendelea kukomaa kwa siku 28, hivyo limwagiwe maji angalau wiki ya kwanza.

Ukichelewa miezi miwili, kuta zitanyeshewa. Ndiyo maana kucheleweshwa kwa kazi zinazongojana huchelewesha mradi wote, wakati kazi kama kutengeneza milango inaweza kufanyika pembeni bila kuzuia nyingine. Wahandisi wa kampuni ya DuPont ya Marekani walianza kuipanga hesabu hii kitaalamu mwaka 1957, lakini kwa kikundi daftari na kalenda vinatosha.

Kumbuka pia kuwa Juni na Julai wanachama wako shambani wakivuna. Tofali na mawe yakusanywe mapema, na usipange kazi za nguvu za wanachama siku hizo.

Fedha na dharura

Omba bei za vifaa katika maduka matatu kabla ya kupitisha bajeti. Kisha ongeza asilimia 10 ya dharura. Tuseme makadirio ni sh milioni 15. Dharura ni sh milioni 1.5, jumla sh milioni 16.5. Kwa watu 30 kila mmoja atachangia sh 550,000. Michango ikusanywe mara baada ya mauzo ya mavuno, na msingi usichimbwe kabla fedha za kufikia paa hazijapatikana.

Fundi alipwe kwa hatua, si yote mwanzoni. Mkataba uandikwe na utaje kila hatua na malipo yake. Bakizeni sehemu ya malipo hadi paa lijaribiwe kwa maji na kuonekana halivuji.

Kila kazi na mwenyewe

Kazi ya wote huishia kuwa si kazi ya mtu. Mmoja asimamie ununuzi, mwingine apokee na kuhesabu vifaa, wa tatu atunze fedha. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Risiti zote zibandikwe daftarini, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutaneni kila wiki kwa nusu saa mahali pa ujenzi. Ulizeni mambo matatu tu: nini kimekwisha, nini kimekwama, na nani atakikwamua kabla ya wiki ijayo. Anayeleta habari mbaya mapema asigombezwe. Saruji iliyopungua ikijulikana Jumatatu hununuliwa, ikijulikana Ijumaa mafundi wameshaondoka.

Mradi hauishi kwa paa

Kabla ya kupokea gunia la kwanza, amueni nani anashika funguo, ada ni kiasi gani na mahindi yanapimwaje. Yasiingie yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, la sivyo yataota ukungu. Kama mnataka kutoa stakabadhi za ghala, Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2005, na leseni ni lazima.

Kikundi kinachotaka kuanza kifungue kalenda leo, kiandike tarehe ya gunia la kwanza kuingia, kisha kihesabu kurudi nyuma. Kikiona siku hazitoshi, ni heri kujenga mwaka ujao kuliko kuachia mvua kuta zisizo na paa.