Nani Ataikamilisha Ibara ya 22?

Mwanamke aliyebakwa Rutshuru ana haki, kwa sheria za Kongo, ya kwenda hospitali na kuiondoa mimba iliyotokana na unyama huo. Ni haki inayoonekana kwenye karatasi kuliko wodini, lakini ipo. Akikimbia vita na kuvuka Bunagana kuingia Uganda, haki hiyo inakomea pale pale mpakani. Atalala siku kadhaa katika kituo cha muda cha Nyakabande, wilayani Kisoro, kisha atapanda basi la wakimbizi hadi kituo cha mapokezi cha Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Atasajiliwa, atapimwa, atapewa blanketi na sufuria. Ni nadra mtu kumweleza kwamba sheria inayouhusu mwili wake imekwisha kubadilika.

Makala hii inaeleza ilibadilikaje, na kwa nini mvutano wa kisiasa juu yake, unaopiganwa Kampala na Washington, humfikia mama aliye kwenye barabara ya vumbi kati ya Nakivale na Mbarara.

Majirani wa sheria tofauti

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Leo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia wanachota maji kwenye mabomba yale yale. Kila mmoja amekuja na sheria ya kwao kichwani.

Msingi wa tofauti hizo ni Protokali ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinaitaka nchi iruhusu kutoa mimba kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipopachikwa mimba na ndugu wa damu, au pale mimba inapohatarisha maisha au afya yake ya mwili na akili. Kongo iliutangaza mkataba huo katika gazeti lake rasmi mwaka 2018, na tangu hapo unatambuliwa na mahakama zake. Sheria ya jinai ya Rwanda ya mwaka huo huo inaruhusu jambo hilo kwa mtoto aliyepewa mimba, kwa aliyebakwa, kwa aliyeozwa kwa nguvu na kwa sababu za kiafya. Burundi ilitia saini bila kuridhia. Uganda iliridhia mwaka 2010, lakini ikasema wazi kwamba haifungwi na kipengele cha kutoa mimba isipokuwa pale sheria zake za ndani zinaporuhusu.

Swali linalofuata ni jepesi kuuliza: sheria za ndani za Uganda zinaruhusu nini?

Sentensi iliyoachwa wazi

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, Ibara ya 22(2), inasema hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa kama itakavyoruhusiwa na sheria. Waliotunga Katiba waliuacha mlango huo kwa makusudi ili Bunge liseme ni lini na kwa masharti gani. Miaka 30 imepita na Bunge halijatunga sheria hiyo.

Kilichobaki ni Sheria ya Makosa ya Jinai ya mwaka 1950, ya enzi za ukoloni. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na aliyetoa dawa au kifaa akijua matumizi yake miaka 3. Kuna kinga moja: mtu hana hatia akifanya upasuaji kwa nia njema na kwa ustadi ili kuokoa maisha ya mama. Hatari hiyo ipimweje, na nani athibitishe, sheria haifafanui.

Wizara ya Afya imejaribu kuziba pengo hilo kwa miongozo. Ule wa mwaka 2006 ulitaja ubakaji na mimba ya ndugu wa damu miongoni mwa hali zinazostahili huduma. Mwaka 2015 ukatoka mwongozo mpana zaidi wa kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama. Viongozi wa dini na wanasiasa waliupinga, na Januari 2016 ukasimamishwa. Mwaka uliofuata, shirika la haki ya afya la CEHURD na wenzake walikwenda Mahakama ya Katiba kudai kwamba serikali imevunja wajibu wake kwa kuacha sheria ya Ibara ya 22 bila kutungwa.

Kwa hiyo muuguzi ana mwongozo mmoja wa zamani, mwingine uliosimamishwa, na sheria ya kifungo juu ya vyote viwili. Mtu akiwekwa mahali hapo huchagua usalama wake. Humwambia mgonjwa arudi kesho, au humwandikia rufaa ya kwenda mbali.

Swali la chumba cha matibabu

Tuangalie hali ambayo mkunga yeyote wa kituo cha afya anaifahamu. Msichana wa miaka 17 analetwa kwa bodaboda, kanga imelowa damu, mwili una homa. Mkunga anazungumza Kinyankole na Kiingereza, msichana anazungumza Kiswahili na Kinyabwisha. Anaitwa mkalimani, naye ni jirani wa familia hiyo. Mkunga anauliza: "Ulitumia nini, mwanangu?" Msichana anamtazama mkalimani, anajibu kwamba aliteleza kisimani.

Jibu hilo linaweza kumuua. Aliyemeza vidonge na mimba ikatoka nusu anahitaji kusafishwa kizazi. Aliyeingiziwa kijiti au waya huenda kizazi kimetoboka, naye anahitaji upasuaji haraka. Aliyekunywa mitishamba mikali huenda ini au figo zimeumia. Aliyepata usaha tumboni anahitaji dawa za mshipa saa hiyo hiyo. Mkunga asipoujua ukweli anatibu kwa kubahatisha.

Hapa kuna jambo ambalo kila msomaji analihitaji. Kutibu madhara ya mimba iliyoharibika, iwe imeharibika yenyewe au imetolewa, si kosa nchini Uganda. Ni huduma halali, inatolewa katika vituo vya serikali, na mgonjwa anastahili siri. Anayemfukuza msichana yule kwa kuogopa polisi ameisoma sheria vibaya.

Tatizo lenyewe si dogo. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 pekee mimba zipatazo 314,300 zilitolewa nchini Uganda, na wanawake kama 93,300 walitibiwa kwa madhara yake. Sheria ya kifungo ilikuwepo mwaka huo wote. Ilizisukuma mimba hizo vichochoroni, lakini haikuzizuia.

Kilomita 60

Haki ya uzazi haiishii kwenye kutoa mimba. Kwa wanawake wengi wa Nakivale, mapambano yenyewe ni kujifungua wakiwa hai.

Mfumo wa afya wa Uganda umepangwa kwa ngazi. Kituo cha ngazi ya tatu kina wodi ya wazazi na wakunga, lakini hakina chumba cha upasuaji. Ngazi ya nne, kama Rwekubo kule Isingiro, inatakiwa kuwa na daktari, chumba cha upasuaji na damu. Juu yake ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, inayofundisha madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kutoka katikati ya Nakivale hadi Mbarara ni kilomita zipatazo 60, na kipande cha kwanza ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Toa muda wa kumpigia simu dereva, wa gari kufika, wa kuandika karatasi ya rufaa, halafu uone kinachobaki.

Suala hili nalo limefikishwa mahakamani. Mwaka 2011, baada ya akina mama wawili kufa hospitalini Mityana na Arua bila huduma ya dharura, CEHURD na familia zao walifungua shauri namba 16. Mahakama ya Katiba ililitupa mwaka 2012 ikisema hayo ni mambo ya kisiasa. Mahakama ya Juu ikalirudisha mwaka 2015. Agosti 2020 ikatoka hukumu: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki ya uhai na haki ya afya, na bajeti ya afya ya mama lazima ipewe kipaumbele. Hukumu hiyo inamhusu mkimbizi pia, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ndani ya Uganda, na wodi anayolala ni ile ile ya mama wa Isingiro.

Maendeleo yapo. Vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2016 hadi 189 katika ule wa mwaka 2022. Wakunga, damu na magari ya wagonjwa vinaokoa watu, na takwimu hizo ni ushahidi.

Saini ya Washington

Huduma nyingi za wakimbizi huendeshwa kwa fedha za wafadhili, na fedha hizo zina masharti. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan wa Marekani aliweka sera inayoyanyima fedha mashirika ya nje yanayotoa huduma au hata ushauri wa kutoa mimba. Tangu hapo sera hiyo hufutwa na kila rais wa chama cha Democratic na kurudishwa au kuendelezwa na kila wa Republican. Donald Trump aliirudisha na kuipanua mwaka 2017, Joe Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha Januari 2025. Wakati huo huo shirika la misaada la USAID likavunjwa, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, linalosaidia wakunga na vifaa vya uzazi katika maeneo ya wakimbizi, likapoteza fedha za Marekani.

Madhara yake hayabaki kwenye kutoa mimba. Shirika likifunga ofisi, mkunga wa mkataba anaondoka, na sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vinakwisha rafuni. Hapo mimba zisizotarajiwa huongezeka, na njia za vichochoroni pamoja nazo.

Serikali ya Uganda haikuwa mtazamaji. Oktoba 2020 ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizodhamini Azimio la Makubaliano ya Geneva, linalosema hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba. Azimio hilo hilo linaahidi kuboresha afya ya wanawake, na ahadi hiyo nayo idaiwe.

Hoja ya upande wa pili

Wanaopinga kulegeza sheria si watu wa kupuuzwa. Wanaamini kwa dhati kwamba uhai wa mtoto tumboni ni amana ya Mungu. Makanisa yao yamejenga hospitali, Ruharo pale Mbarara ikiwemo, na yametibu watu mahali ambapo serikali haikufika. Wanahofia pia kwamba mlango ukifunguliwa kidogo utafunguliwa wote.

Lakini hofu hiyo ndiyo sababu ya kutunga sheria. Bunge linaweza kuandika mipaka: hali zipi, wiki ngapi, nani aamue, na mhudumu ambaye dhamiri yake inakataa ampeleke mgonjwa kwa nani. Bila maandishi hayo mwenye fedha hupata daktari wa siri Kampala, na msichana wa Nakivale hupata waya. Asiye raia hapigi kura, wala hana mbunge wa kumlalamikia. Mbunge wa Isingiro ndiye aliye karibu naye zaidi, na mama wa Isingiro anayempigia kura anatumia kituo kile kile.

Yapo pia ambayo padri, shehe, daktari na mwanasheria wanaweza kuyakubali bila kusubiri Bunge. Aliyebakwa afike kituoni ndani ya saa 72 apewe dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi; vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafaa hadi siku tano, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Atibiwe kwanza, fomu za polisi zifuate. Mkalimani aape kutunza siri, na asiwe jirani wa mgonjwa. Haki hizi zibandikwe Kabazana kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali, siku mtu anapopokewa.

Kazi ya Bunge ndiyo iliyobaki. Wabunge wanaoamini sheria iwe kali waiandike kali na waitetee hadharani. Wanaoamini iwe na huruma waandike huruma hiyo kwa vifungu. Sentensi ya Ibara ya 22 ilikabidhiwa kwao mwaka 1995, na kuiacha bila kuikamilisha ni uamuzi wanaoufanya kila mwaka kwa niaba ya wanawake ambao hawakuulizwa.