Uyoga wa Mtini na Vinundu Vinavyofanana Nao

Nchi ya Keumbu, baina ya mji wa Kisii na Keroka, imejaa miti ya watu, mikaratusi na migrivea ya mipakani, miwati ya kuni na miparachichi ya uani, na kwa kuwa mvua ya huko haiadimiki, visiki vyake aghalabu havikosi kuota kitu. Tangu kahawa na vidonge vya uyoga wa Kichina uitwao lingzhi vianze kuuzwa mkono kwa mkono katika miji yetu, kila kigumu kinachochomoza kwenye gome kimepandishwa cheo, na wapo wanaokibandua, wakakikausha na kukichemsha. Basi kabla ya sufuria kuinjikwa, yafaa ijulikane kilichobanduliwa ni nini.

Kwanza lazima ithibitike kuwa ni uyoga. Kinundu kilichovimba shinani mwa mkaratusi, ukikikata, utakuta ni ubao mtupu, nyuzi zake zimejipinda lakini hazikuachana na za mti. Huo ni mti wenyewe, ama kwa jeraha la zamani ama kwa maumbile yake. Yale magamba ya kijivu yaliyolala juu ya gome ni kuvumwani, ushirika wa kuvu na mwani, wala hayali mti. Kirukia, adui wa mparachichi, hujifichua kwa majani yake mwenyewe. Uyoga mgumu wa mtini hauna majani wala nyuzi za ubao. Ugeuze uutazame chini, nawe aghalabu utaona matundu madogo mno, kana kwamba yametobolewa kwa ncha ya sindano, ambayo ndiyo midomo ya mirija inayomwaga spora.

Jamii ya Ganoderma, ambayo ndiyo ya lingzhi, ina alama zake. Baadhi yao huvaa ukoko mwekundu unaong'aa, ingawa wengine hawang'ai kabisa. Upande wa chini, uyoga ungali mchanga, huwa mweupe, na ukiukwaruza kwa ukucha hugeuka kahawia. Na ukiulaza juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, huacha vumbi la spora la rangi ya kahawia. Yule wa rangi ya chungwa, Pycnoporus, apendaye magogo yapigwayo na jua, vumbi lake ni jeupe. Si yeye.

Hapa ndipo jicho linapokoma. Uyoga uitwao leo Ganoderma lucidum ulielezwa na William Curtis wa Uingereza mwaka 1781, na kwa muda mrefu jina hilo likabandikwa juu ya karibu kila uyoga wa ukoko unaong'aa duniani, hata mwaka 2012 wataalamu walipobainisha kuwa lingzhi ya China ni spishi nyingine, wakaiita Ganoderma lingzhi. Afrika nayo ina spishi zake, na kuzipambanua hutaka hadubini na uchunguzi wa chembe za urithi. Kwa hiyo asemaye lingzhi imeota kwenye kisiki chake amepatia ukoo, mtu hamjui. Na hata lingzhi yenyewe, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 hayakupata ithibati ya kuunga mkono matumizi yake katika kupunguza hatari za maradhi ya moyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Fauka ya hayo, zipo taarifa za ini kudhurika kwa waliotumia unga wake, na anayemeza dawa za kuzuia damu isigande ana sababu zaidi ya kuhadhari.

Mimi ningependa mwenye shamba akitazame kibao hicho cha uyoga kwa sababu nyingine. Kwenye kisiki kinakula maiti. Lakini kikiota shinani mwa mti uliosimama, ni dalili kwamba moyo wa mti au mizizi yake inaoza, ijapokuwa majani yangali mabichi. Mti wa namna hiyo ukiwa umeinamia nyumba, au njia wanayopita watoto kwenda shule, muite mwenye msumeno kabla ya masika.